Shanga za Kioo na Jicho Nililokuficha

Rangwe,
Jumapili baada ya chakula

Mama yangu,

Shikamoo kutoka huku mbali. Goti lako linaendeleaje? Naomba barua hii ikukute limetulia, umekaa upenuni, na Dada Zuhura ndiye anayekusomea. Dada, soma polepole, wala usiruke pahali hata ukiona panauma. Nimeamua kuandika kwa sababu simu haitusaidii tena. Nikisema hili, Mama, masikio yako yanapokea lile, tunaishia kucheka sote wawili, halafu unaniuliza, "U mzima?" nami nakwambia mzima. Miezi miwili hii nimekuwa nikikudanganya.

Kwanza nikueleze kazi, maana hujawahi kuiona. Ni ile tuliyoanza na marehemu mume wangu Okoth tulipohamia huku kwao: shanga za kioo. Chumba ni kile cha nyuma, cha mabati, kina meza moja na dirisha moja. Nachukua chupa zilizovunjika, naziosha, nazikata vipande vyembamba. Kipande nakishika kwenye moto wa gesi mpaka kinalegea kama asali, kisha nakizungusha kwenye waya mnene niliokwisha kuupaka udongo ili kioo kisigande. Kikishakuwa duara nakifukia kwenye chungu cha majivu ya moto, kipoe polepole hadi kesho yake. Kikipoa haraka kinapasuka. Boke, mwanamke jirani, alikuwa akinipelekea shanga hizo sokoni Homa Bay, na wanawake wanazipenda, hasa zile za buluu.

Okoth alipokuwa hai, tulikuwa tukivuta nyuzi za kioo wawili wawili. Mimi nashika donge upande huu, yeye upande ule, tunarudi nyuma hatua kwa hatua, uzi unarefuka katikati yetu mpaka yeye anatoka mlangoni kwa mgongo. Alikuwa akiwaamkia kuku kila akitoka hivyo. Tangu afariki, upande wa pili naubana kwenye jiliwa la mezani, kile chuma alichokuwa akikazia vyuma vyake, navuta peke yangu. Uzi unatoka. Ila jiliwa haliamkii kuku.

Sasa ndiyo habari yenyewe. Siku hiyo ilikuwa asubuhi, nilikuwa na haraka, na miwani ya kazi ilikuwa imevunjika mkono nikaiweka kando. Kipande cha chupa kilikuwa baridi, nami nikakitia motoni ghafla, kosa ambalo Okoth alinikanya siku ya kwanza kabisa. Kikalia pa! Kibanzi kikanirukia jicho la kushoto. Mama, nilizima gesi kwanza. Sijui nilipata wapi akili hiyo. Kisha nikatoka nje nikipapasa ukuta na kupiga kelele, na kelele zilizonitoka zilikuwa za kwetu: "Jamani, nakufa, nishikeni!"

Aliyekuja mbio ni huyo Boke. Ni mwanamke wa Kikuria kutoka Kehancha, amepanga chumba kwa jirani, anauza maharagwe na maziwa ya mgando. Kabla ya hapo tulikuwa watu wa biashara tu.

"Dada, usisugue!" alinipigia kelele. "Toa mkono! Ukisugua itaingia ndani zaidi!"

Alinifunga macho yote mawili kwa leso yake, akanipakia kwenye pikipiki, yeye akakaa nyuma yangu akinikumbatia kiunoni kama mtoto. Njia nzima hadi hospitali kule Homa Bay alikuwa akimfokea dereva: "Shimo! Wewe, si unaona shimo?"

Daktari alitoa kibanzi, akaniambia jicho limekatwa, huenda likaona tena, huenda lisione. Nililazwa siku tano nikiwa nimefungwa macho yote mawili. Mama, sijawahi kuwa mpweke kama siku zile. Wodi nzima ilikuwa ikiongea Kijaluo, nami baada ya miaka yote hii bado nakamata neno moja, mawili yananipita. Kuna wakati wote waliangua kicheko, nikajua wananicheka mimi. Nikamuuliza Boke, "Wanacheka nini?"

"Wanacheka yule mama wa kitanda cha mwisho," akasema. "Anakoroma kama trekta ya miwa ya Awendo."

Nikacheka na mimi, halafu nikalia chini ya bandeji, naye akajifanya hajaona. Aliacha siku mbili za soko kwa ajili yangu, Mama. Mtu ambaye hata jina la baba yake silijui.

Siku ya nne alikuja mama mkwe wangu. Unamkumbuka, yule mrefu mwembamba uliyekaa naye kwenye mazishi mkashikana mikono bila kusemezana. Kiswahili chake ni cha kuokota sokoni. Alinilisha mahindi na maharagwe kwa kijiko mpaka bakuli likaisha. Kisha akasema:

"Nyathina," yaani mwanangu, "mimi najua wewe nalia. Kama roho yako inataka kwenda kwenu, enda. Mimi siwezi funga wewe na kamba. Mtoto yako Akinyi akimaliza shule, atakuja kuona wewe huko."

Ndilo neno ulilokuwa ukiliomba wewe na Dada, kwamba huku waniachilie nirudi kwetu bila ugomvi. Wameniachilia. Lakini nitakwambia ukweli ambao sijamwambia mtu: liliniuma kuliko kile kioo. Nilitaka anizuie. Nilitaka aseme, unakwenda wapi na hapa ndipo kwako? Nililala pale nikafikiri, Likoni kwetu nilishaondoka, na huku wananifungulia mlango nitoke. Basi mimi ni wa wapi?

Boke naye ameondoka. Baba yake ameugua, amerudi Kehancha kumuuguza, na hajui atakaa muda gani. Siku ya kuondoka alinishika uso kwa mikono miwili, akalitazama jicho, akasema, "Hii itaona. Mimi nimekataa isione." Akapanda gari. Tangu siku hiyo, na Akinyi akiwa shule ya bweni, zinaweza kupita siku tatu sijasema sentensi ndefu kwa mtu. Majirani ni wema, wananisalimu, wananiita Nyar Mombasa, binti wa Mombasa. Nikisema kitu wanasema naongea kama redio. Nikifanya mzaha, lazima niueleze, na ukishaelezwa si mzaha tena.

Jicho linaona mwanga sasa, na vivuli, kama mtu anayetazama kupitia nailoni iliyolowa. Daktari anasema tungoje.

Wiki iliyopita niliwasha moto kwa mara ya kwanza. Nimenunua miwani mipya ya kazi, nimeivaa hadi inanibana masikio. Kwa jicho moja sikuweza kupima vizuri ncha ya kioo iko wapi na waya uko wapi. Ushanga wa kwanza ulitoka umepinda kama jino. Nikataka kuzima. Mara nikaona kivuli mlangoni. Ni mama mkwe, amebeba kigoda. Tangu tulipoanza kazi hii hajawahi kukanyaga humo ndani, kwa hofu ya ule moto. Akakiweka karibu na meza, akakaa, akajifunika pua kwa kitambaa.

"Mimi naogopa hii moto yako," akasema. "Lakini kukaa peke yako ni mbaya zaidi."

Nilitengeneza shanga tisa, yeye akakaa mpaka nikazima gesi. Kesho yake akaja tena, na kesho yake.

Kwa hiyo, Mama, jibu langu ni hili. Nitakuja na Akinyi shule zikifungwa mwisho wa mwaka, tukae nawe mpaka utuchoke. Lakini nitarudi huku. Usiniulize kama nina furaha, kwa sababu sina. Nina kazi, nina mtoto kidato cha tatu ambaye hataki kuhamishwa, na nina mtu anayekuja kukaa kwenye kigoda.

Nisalimie Mjomba Bakari, fundi wa baiskeli, mwambie simulaumu kwa kutonipigia. Nisalimie shangazi Mwanaisha na mahamri yake, na wifi yangu aliyejifungua, nimesikia ni mapacha. Dada Zuhura, ahsante kwa macho yako.

Mama, usimwambie Dada anipigie simu kunipa pole. Niandikie. Dada ayaandike maneno yako kama yalivyotoka, hasa ya hasira: kwa nini sikuvaa miwani, kwa nini nilificha, nani alinifundisha uongo. Huku kila mtu ananionea huruma, na hakuna hata mmoja wa kunifokea.

Mwanao,
Saumu