Kombe Waliorudishwa Mbweni

Mjukuu wangu Salma,

Shikamoo yako imefika hapa Kikwajuni, marahaba mwanangu. Mama yako hajambo, na mdogo wako kaposwa.

Umeniuliza kama ulikosea, katika kazi yako ya kulinda mto, kumnyang'anya yule bibi wa huko ughaibuni kapu lake la kombe wa mtoni, wale viumbe wa magamba mawili, kwa kuwa sheria inawalinda wasije wakaisha. Alilia, nawe tangu siku hiyo huna raha.

Nilipokuwa msichana nilichokoa kombe pwani ya Mbweni, mahali ambapo wanawake walikubaliana pasiguswe mpaka kombe wakue. Nilijaza kapu, wote wadogo. Bi Mwanakheri, mkubwa wao, akaniona.

"Warudishe."

"Nshawachokoa, Bi."

"Warudishe mmoja mmoja, kabla maji hayajajaa."

Nikawafukia mchangani huku nalia kwa hasira. Yeye naye akainama, akafukia pamoja nami. Kisha akanishika mkono.

"Tulia, tazama."

Maji yalipotufika vifundoni, kombe mmoja akafungua mdomo taratibu, akaanza kuvuta maji. Miaka yote nikiwala, sikuwahi kumwona hata mmoja akipumua. Hasira zikanitoka palepale.

Umeniandikia kwamba watoto wa kombe wako hujishika kwenye mashavu ya samaki mpaka wapate nguvu. Nimeusoma mstari huo mara tatu. Yule bibi ulimwambia hayo, au ulimwonyesha sheria tu? Hukukosea, mwanangu. Ila rudi kwake bila karatasi ya sheria, muiname pamoja majini, mwatazame wakipumua.

Bibi yako akupendaye,
Zuhura