Pumzi ya Mashavuni

Jumanne, 4 Machi 1975

Rhobi amejifungua saa tano asubuhi. Mimba ya miezi saba! Walikuwa wanapalilia shamba la ujamaa, chupa ya uzazi ikapasuka, wenzake wakambeba kwa blanketi hadi zahanati. Mtoto wa kike, kilo moja na robo. Hakulia. Rangi kama majivu.

Nilimkausha. Nikaingiza mpira mwembamba wa kuvutia ute kinywani mwake, nikavuta. Kimya. Nikamsugua mgongo. Kimya. Ikabaki kupuliza. Mwaka jana, nilipokuwa mkunga kituo kingine, nilimpulizia mtoto kwa nguvu za kifua chote. Hakupona. Sijamwambia mtu.

Kitambaa chini ya mabega, shingo isijikunje wala isipinduke. Mdomo wangu juu ya mdomo na pua yake. Pumzi ya mashavuni tu, kama ya kupoza uji. Kifua kikainuka. Pumzi ya saba au ya nane, akakohoa. Kisha kilio chembamba.

Nikaenda nyuma ya jengo, nikalia.

Jumatano, 5 Machi 1975

Bwana Stanslaus, mganga wetu, anasema huyu anahitaji hewa ya mtungi, na sisi hatuna. Ametuma barua Tarime mjini kwa baiskeli, kuomba gari la kumpeleka hospitali. Njia yote tope.

Mtoto anaguna kila akitoa pumzi, mbavu zinaingia ndani. Nimemfunga kifuani kwa Rhobi, ngozi kwa ngozi. Maziwa anapewa matone, kwa kijiko.

Mama mkwe wa Rhobi, Mama Wegesa, amekaa mlangoni, ametupa mgongo. Nilimwamkia, akaitikia marahaba bila kugeuka. Baadaye akasema amezika watatu wa namna hii; kwa nini namtesa Rhobi kwa matumaini?

Alhamisi, 6 Machi 1975

Ameacha kupumua mara tatu tangu alfajiri. Mara mbili nilimpiga unyayo kwa kidole, akarudi. Mara ya tatu unyayo haukutosha – nikapuliza.

Gari hakuna.

Ijumaa, 7 Machi 1975

Mchana usingizi ulinishinda, nimekaa kwenye stuli. Kuzinduka, namwona Mama Wegesa ameinama juu ya Rhobi, anamfinya mtoto unyayo.

“Alikuwa amenyamaza,” akasema. “Na wewe ulikuwa umelala, mwanangu.”

Mtoto alikuwa anapumua. Niliona aibu, nikamshukuru. Akauliza kule kupuliza kwa mdomo kunafanywaje.

Nimemfundisha. Alipuliza kiganjani mwangu, kwanza kama mtu anayewasha kuni mbichi. Nikamwambia hapana mama, utampasua. Tukarudia. Mara ya tano kiganja kilisikia kidogo tu, inavyotakiwa.

Ndipo nikamwambia habari za yule mtoto wa mwaka jana. Kwa nini nimwambie yeye? Sijui. Yeye akasema tu, “Lete mkono, nijaribu tena.”

Jumamosi, 8 Machi 1975

Landrova imefika saa tatu asubuhi. Dereva, Heche, hakuzima hata injini – anasema mvua ikianza, mtoni hapapitiki.

Na saa hiyohiyo Bhoke, mzazi mwingine, akaletwa, uchungu umekolea, mtoto ametanguliza makalio. Bwana Stanslaus yuko kijiji cha Nyakunguru kwenye chanjo tangu jana. Mkunga ni mimi peke yangu. Nilisimama uani katikati, gari huku, Bhoke huku, mpira wa ute mkononi.

Mama Wegesa akauchukua mpira mkononi mwangu. “Baki na huyu,” akasema. “Huyu wetu nitakwenda naye mimi.”

Rhobi akaketi nyuma, mtoto kifuani. Mama Wegesa kando yake, shavu lake karibu na pua ya mtoto, asikie pumzi. Rhobi hakunitazama. Alimtazama mkwewe.

Wameondoka saa tatu na robo. Sasa ni saa tano na nusu. Mvua inanyesha upande wa mtoni, naiona. Bhoke amepata nafuu kidogo baina ya uchungu na uchungu, ndiyo nimepata dakika ya kuandika.

Kupuliza anajua. Unyayo anajua. Lakini ute – lazima uvutwe kwanza, ukipuliza kabla unausukuma ndani. Nilimwambia? Nakumbuka kiganja, nakumbuka alivyosema lete mkono. Mpira aliuchukua mwenyewe. Sikumbuki kama nilimwonyesha –

Bhoke ananiita. Makalio yameonekana.