Jiwe Alilopewa Wifi

Santa Clara, Septemba

Mdogo wangu Lorencita,

Nakusalimu kwa mapenzi yote kutoka huku kijijini. Hujambo huko Phoenix? Joto limepungua? Sisi tu wazima, pilipili zimeshaanikwa, ila macho ya Mama yamefifia na vidole vimekaza. Chungu alichokimaliza juzi alisema ndicho cha mwisho.

Basi keti nikwambie. Lile jiwe la kung'arishia vyungu, la marehemu bibi yetu, Mama kampa Verna. Ndiyo, wifi yetu! Mimi binti wa kumzaa nipo, anapewa mke wa Elroy, ambaye alipoolewa hapa hata kukanda udongo hakujua! Nilipouliza, Mama akanijibu kwamba mkono ninao, ila nina haraka, na jiwe lile halitaki haraka. Wivu uliniwaka hadi chakula kikanishinda.

Halafu akaja Bwana Whitlock, yule mzee wa Dallas anayekusanya vyungu vyetu. Zamani alikuwa akianzia kwangu. Safari hii alinipita mlangoni kama hanioni, akaenda kwa Verna, akasema atakisubiri chungu chake kitoke motoni, hicho na cha Mama. Verna akanitania eti nimenuna hivyo, mkate wangu hautaumuka. Nilicheka kwa meno tu.

Mwiko wetu unaujua: mwenye kinyongo hasogelei moto wa vyungu. Siku ya kuchoma nilikwenda makusudi. Samadi ya farasi ilipomwagwa juu ya moto ili vyungu viwe vyeusi, nikaomba kimoyomoyo cha Verna kipasuke. Mara tukasikia paa!

Majivu yalipofukuliwa, cha Verna kilitoka kinang'aa, hakina hata ufa. Kilichopasuka ni cha Mama.

Mama alivipapasa vigae, akauliza nani kaja na moyo mbaya. Verna alinitazama, akajua. Kisha akamwambia Mama ni yeye, kwamba asubuhi aligombana na Elroy. Uongo mtupu! Mama akamwambia alirudishe jiwe, akanipa mimi mbele ya watu wote.

Nami nikalipokea, Lorencita.

Wabusu watoto, na shemeji umwambie namkumbuka. Nilichokililia nimekipata, na bado namwonea Verna wivu, tena kuliko mwanzo.

Ni mimi dada yako,
Corrine