Mbega Wamezaa Kwenye Mahame Yako

Mzee Marwa,

Shikamoo. Marahaba yako naijua, ulikuwa unaivuta huku unatafuta kiberiti mfukoni, kwa hiyo naendelea kana kwamba nimeisikia.

Nimechoka, Mzee. Mwezi mzima nimetembea kwa miguu, gari la ofisi halina dizeli, sabuni haipatikani, na viatu vya kazi ulivyoniachia vimefunguka midomo.

Mwaka uliofuata kifo chako ilikuja Operesheni. Watu wote wa bondeni walipakiwa kwenye malori, tukapelekwa kijiji cha ujamaa kule barabarani. Mama Bhoke, mkeo, alifunga mlango wa nyumba kwa kamba kama mtu anayekwenda mnadani na kurudi. Paa lilikuwa limeshang'olewa.

Ule msitu wa kilimani, ulioutembelea miaka yako yote ya u-Bwana Nyama ukilinda wanyama, ukaandika kwamba ndio wa kuhifadhiwa, umebaki jina. Nguzo zote za kijiji zimetoka pale, na kuni pia. Simlaumu mtu. Tuliambiwa tujenge, tungejenga kwa kitu gani? Mbega wameondoka.

Sasa Bwana Misitu ameniita. Vipande vya msitu vilivyobaki ni vingi na vidogo, serikali italinda kimoja tu, na mimi ndiye wa kukichagua, eti kwa sababu nilikuwa mwanafunzi wako. Ningeweza kukataa, ningekataa.

Nilifuata njia yako. Unakumbuka nilivyokuja mbio kujisifu kwamba nimeona mbega ishirini? Ukaniambia, "Hao wanaweza kuwa wapita njia. Umeona mama amebeba mtoto?" Sikuwa nimeona. Ukanirudisha msituni na njaa yangu, nikakuchukia mpaka jioni.

Basi nimezunguka kila kipande nikitafuta mtoto. Huku madume wawili, kule kundi la wazee watupu. Mwisho nikafika kwako.

Shamba lako la mtama ndilo lililokuwa limeitenga misitu miwili ya kando ya mto. Tangu tuhamishwe halijalimwa. Miti imeinuka kunipita kimo, na ile misitu imeshikana. Kwenye mkuyu wa pale zizini, hatua chache kutoka kaburi lako, alikaa mbega na mtoto kifuani, mweupe pee, wa juzi tu. Nikaona wa pili, nikaona wa tatu. Nilikaa chini nikalia, na haikuwa furaha.

Mama Bhoke anangoja kurudi, Mzee. Watu wameanza kunong'ona kwamba huenda tutaruhusiwa kurudi kwenye mahame yetu, na yeye mbegu ameshazitenga kwenye kibuyu. Hifadhi ikiwa pale, hakuna nyumba, hakuna jembe, hakuna kaburi jipya. Ningeweza kuukunja mpaka, boma lako libaki nje. Lakini msitu ungekatika tena palepale ulipoungana, na wale watoto weupe wangebaki kisiwani. Siku mbili nilishika kalamu bila kuandika. Siku ya tatu nikaandika kwamba kilindwe kipande cha kwako.

Nilikwenda kumwambia Mama Bhoke mwenyewe. Alikuwa anapepeta ulezi, hakuinua macho. Akasema, "Alipokuwa hai alilala kwa wanyama, mimi nikalala peke yangu. Sasa amewaleta mpaka nyumbani." Nikadhani ananitania, nikacheka kidogo. Halafu akaniuliza, "Na mimi, mwanangu, mtanizika wapi?"

Nikaenda moja kwa moja ofisini. Nilimwomba Bwana Misitu atuachie hata njia ya kufika kaburini. Akasema akimruhusu mmoja, kesho bonde zima litakuja na majeneza. Naye hajakosea, ndiyo maana nimechoka hivi.

Mawe ya mpaka tutayaweka baada ya mvua. Mlinzi wa kwanza ni mimi. Nitafyeka juu yako nikija doria, na hao mbega nitawahesabu kwa njia yako mpaka miguu ikatae.

Mama Bhoke sijamwambia hili, nakuambia wewe. Siku yake ikifika, nitamwingiza mimi mwenyewe, nimlaze kando yako pale mlango wa zizi. Kisha nitakwenda ofisini kurudisha bunduki na kofia, kabla hawajaniita.

Lala, Mzee. Sogea kidogo, umwachie nafasi.

Mwanafunzi wako,
Chacha