Kiti cha Abiria

Adama, baada ya Genna, Krismasi yetu

Mdogo wangu Wubit,

Sisi wazima. Sikukuu tulichinja jogoo, na Mama kama kawaida yake akalalamikia pilipili huku akiongeza.

Juzi gari la mume wangu Zeleke liliwasha taa ya mifuko ya hewa, ile mifuko inayofura kumkinga mtu kwenye ajali. Taa ikakataa kuzimika. "Ni taa tu, iache!" Zeleke akafoka. Sasa kama ni taa tu, anafoka nini? Nikalipeleka kwa fundi.

"Shemeji, usiipuuze. Mkigonga, mifuko haitafura," akasema, akachungulia chini ya kiti cha abiria. "Waya umechomoka. Kuna mtu amekisukuma kiti nyuma mpaka mwisho."

Mimi, na ufupi huu? Nikamuuliza Zeleke alimpakia nani. "Padri," akasema. Padri wetu, ambaye hata mimi namzidi kimo!

Waya umerudishwa, taa imezimika. Kiti nimekataza kisiguswe. Uliniandikia kwamba hujakanyaga Adama tangu Pasaka. Njoo basi Jumapili, wewe binti uliyerithi miguu mirefu ya Baba, ukikalie nikuone.

Dada yako,
Yeshi