Paka wa Chini ya Dirisha

Mwanangu Yaowen,

Nakuandikia kwa sababu simu iko chumbani kwa mkeo, na haya sitaki ayasikie. Mtoto hajambo, ila analia mno, maziwa hayamtoshi. Baridi imeingia, nami nimeziba madirisha yote isipokuwa la mkeo Lanfen. Anasema anataka hewa.

Kila siku nampikia kuku kwa tangawizi na pombe ya mchele, au supu ya miguu ya nguruwe na karanga. Bakuli linarudi tupu.

"Umeshiba, mwanangu?"

"Nimeshiba, mama."

Lakini mashavu yamebonyea, na kile kitambaa cha kufungia tumbo anakikaza mpaka anahema.

Jana nilikwenda kuanika nepi nyuma ya nyumba. Paka wa jirani, yule aliyekuwa amekonda, amenona. Alikuwa amelala chini ya dirisha la mkeo, kando ya mifupa ya kuku.

Sikumgombeza Lanfen. Nilikaa naye kitandani, akalia, akaniuliza kama kweli yeye ni pipa, kama ulivyomwita.

Yaowen, neno hilo nalijua. Baba yako aliniita hivyo hivyo nilipokuzaa. Ndiyo maana wewe ulinyonya kwa shangazi yako.

Mpigie leo.

Mama yako