Jicho la Kushoto la Mwimbaji

Chumba Na. 7, Ghorofa ya Pili,
Nyuma ya Karakana ya Mabasi.
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa wifi yangu,

Habari za huko na za siku nyingi? Mgongo wako unaendeleaje? Mara ya mwisho kwenye simu ulisema unashuka ngazi kinyumenyume, mimi nikacheka, halafu simu ilipokatika nikajilaumu. Natumaini sasa unashuka kama watu. Na baridi je, imelegea? Shemeji na watoto hawajambo?

Sisi huku wazima, kwa maana ya kwamba tunakula na tunalala. Binti yetu mkubwa amefaulu mtihani wake wa uuguzi, na sasa anatupima presha kila akitia mguu ndani, tutake tusitake. Mdogo wake anarefuka tu kama mlingoti. Mimi bado napiga pasi palepale kwa dobi, na mashati ya watu hayaishi.

Najua utashangaa kupata karatasi, maana mimi na wewe tumezoea kupigiana kelele kwenye simu. Sababu utaiona mbele. Kaa kitako kwanza.

Bila shaka ulisikia kwamba yule mwimbaji wa bendi ya Radi Kavu alifariki mwezi wa tatu. Sijui huko watu walizipokeaje habari hizo. Huku, wifi, ungedhani mtaa mzima umefiwa na ndugu. Kinyozi wa pale kona alifunga duka siku mbili, akatoa spika nje na kupiga nyimbo zao kuanzia albamu ya kwanza. Mwalimu wa hesabu alitoka na lile koti lake la ngozi ambalo halifungi tena tumboni. Wale wachomea vyuma wanne wenye bendi yao, wanaopiga roki ya Radi Kavu kwenye harusi mpaka maharusi wanaziba masikio, walikaa ukingoni mwa mtaro wakalia bila aibu. Mpiga ngoma wao aliniambia, "Mama, bila wale jamaa mimi ningekuwa nachomea mageti tu maisha yangu yote." Nikamwambia mbona mageti bado anachomea. Akasema ndiyo, lakini anachomea huku akihesabu mapigo.

Mashabiki wakapata ruhusa ya meneja wa karakana kuchora sura ya marehemu kwenye ule ukuta mrefu unaotazama barabara. Nani achore? Hakuna aliyeuliza. Walikuja moja kwa moja mlangoni kwetu kumwita kaka yako.

Ilivyoanza unajua kuliko mimi, maana nilikuwa bado sijaolewa kwenu. Lakini kaka yako ameisimulia hadi nami naiona: wewe unarudi kutoka shule ya bweni na kaseti ya Radi Kavu umeificha kwenye soksi, yeye muziki hata hausikilizi kwanza, anaikodolea macho picha ya kwenye jalada, wale wanne na nywele zao, na asubuhi baba yenu anakuta nyuso nne za mkaa kwenye ukuta wa jikoni. Akamchapa. Halafu wageni walipokuja akawapeleka jikoni wakazione. Kaka yako husema siku hiyo ndiyo aliyoijua kazi yake. Mabango yote ya mji huu, ya maduka ya dawa, ya vinyozi, ya mabasi, yalitoka kwenye soksi yako.

Sasa wifi, hapa ndipo ninapovunja ahadi. Kaka yako haoni vizuri.

Ni presha ya macho. Daktari anasema ilianza kimyakimya miaka mingi iliyopita, inakula kuanzia pembeni kuja katikati, na kilicholiwa hakirudi. Matone ninayomtia asubuhi na jioni ni ya kuchelewesha tu. Anaona kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Kilicho mbele yake sawasawa anakiona, tena na rangi zake zote. Ukisimama ubavuni kwake, hupo. Tulipotoka hospitali alinishika mkono akaniapisha nisikwambie, kwa sababu utaacha kazi uje, na ukija utalia, naye hataki kuliliwa akiwa hai. Nikaapa.

Simu yetu ni moja na yeye hupenda kuiweka sauti ya nje, unamjua. Karatasi nimeichagua kwa kuwa hawezi kuisoma. Herufi anaziona, lakini akifika mwisho wa mstari hajui wa pili unaanzia wapi. Hivi ninavyoandika amekaa hapahapa mezani, anadhani naorodhesha nguo za dobi. Naona aibu hata kukuandikia hilo.

Basi akaukubali ukuta. Nilimsihi, binti yake akamsihi. Akasema, "Yule mtu ndiye aliyenipa kazi ya macho yangu. Mimi nishindwe kumchorea uso?" Utamjibu nini? Nikamshikia ngazi, nikamchanganyia rangi, wiki mbili, kila nikitoka kazini.

Wifi, jicho la kulia alilichora mpaka watu wakawa wanasimamisha baiskeli. Halafu akahamisha ngazi, akachora la kushoto, nalo likawa hai vilevile, ila lilikaa chini karibu na shavu, kama limeteleza. Kila kipande alikiona. Uso mzima hakuuona, kwa sababu hauenei kwenye tundu lake, na akirudi nyuma ng'ambo ya barabara ili uenee, ukungu unaufunika.

Mashabiki walikuja, wakatazama ukuta, wakatazamana, wakasema, "Kazi nzuri, mzee." Kinyozi alisema hivyo. Mwalimu naye. Na mimi mkewe nilisema hivyohivyo.

Kuna mama mmoja mchoraji mtaa wa pili, watu humwita Bi Brashi, mshindani wa kaka yako miaka nenda rudi. Alinifuata kwa dobi. Akaniambia kwamba alipokuwa msichana alipanda basi lililochorwa Radi Kavu ubavuni, akashuka kituo kisicho chake ili tu alitazame likiondoka. Lilikuwa limechorwa na kaka yako. Ndipo naye akashika brashi. "Siwezi kuwaacha watu wamcheke," akasema. "Akija kula mchana, niruhusu nilipandishe lile jicho. Hilo tu."

Sikusema ndiyo. Hapana pia sikuisema. Nilirudi kwenye pasi yangu nikaunguza kola ya shati la mtu.

Kesho yake niliomba ruhusa, nikampikia kaka yako, nikamwongezea sahani mara mbili. Aliporudi ukutani nilimfuata. Siku hizi hutafuta kwa kiganja mahali alipoishia. Akapanda ngazi, akaweka kiganja, kikatoka na rangi mbichi.

"Nani kagusa ukuta wangu?"

Bi Brashi alikuwa amesimama hatua tatu tu kutoka kwenye ngazi, brashi mkononi. Hakumwona.

"Mke wangu, nakuuliza."

"Bi Brashi," nikasema. "Jicho la kushoto lilikuwa limeshuka."

"Kiasi gani?"

Nikapanda vidato viwili, nikaushika mkono wake, nikaupandisha kutoka lilipokuwa hadi lilipo sasa. Ilikuwa kama kutoka ncha za vidole mpaka kiwiko. Mkono ukabaki pale juu.

"Na watu waliliona?"

"Waliliona."

"Wote?"

"Wote."

Akafuta kiganja kwenye suruali, akashuka, akaketi juu ya kopo la rangi. Bi Brashi alianza kulia na kuomba radhi. Akageuza kichwa huku na huku mpaka akampata. "Malizia," akamwambia. "Ila nywele usizifanye nyeusi tupu. Zilikuwa na wekundu kidogo."

Jumamosi iliyofuata mashabiki walijaa barabarani, wazee kwa watoto. Wachomea vyuma walipiga, watu wakaimba kila neno, hata wasiojua maana yake. Uso ulikuwa mzuri, wifi, siwezi kudanganya. Kaka yako alikaa chini yake, ameupa mgongo. Kila mtu alikwenda kumpa mkono, na kila aliyetokea ubavuni alimshtua. Bi Brashi alimletea brashi atie saini. Akamwambia, "Weka yako." Hakuweka. Ukuta hauna saini mpaka leo.

Tangu hapo hajashika brashi. Alipokwambia kwenye simu kwamba anapumzika kwa sababu ya mvua, mvua haikuwapo. Wateja anawaelekeza kwa Bi Brashi. Anasikiliza Radi Kavu kuanzia asubuhi, kwa sauti ndogo. Hajanikasirikia, na afadhali angenikasirikia, ningejua pa kuanzia. Nimejaribu kumchekesha, nimejaribu kunyamaza. Binti yetu amesoma vitabu vyake vyote vya uuguzi na hakuna alichokipata. Najikuta nasimama katikati ya chumba na kitambaa mkononi, sijui nilikuwa nataka kufuta nini.

Watoto wanakusalimu shangazi yao. Kinyozi anakusalimu, anasema kaseti ile alikuwa nayo yeye pia, uongo mtupu. Nisalimie shemeji, na wanao wote wawili, hasa yule mdogo ambaye hajawahi kuniona. Mwenyezi Mungu auponye mgongo wako na akufungulie njia.

Njia ninayoisema ni ya kuja huku, wifi. Nakuomba uje. Kulia utalia, na mimi nitamwambia ni mimi niliyesema. Nilipombana daktari kuhusu muda uliobaki kabla hajapofuka kabisa, alisema huenda mwaka, huenda pungufu. Ukifika usimwite ukiwa mlangoni, wala usimkumbatie kwa ubavuni. Nenda usimame mbele yake sawasawa, hatua mbili. Kwa umbali huo uso wa mtu unaenea wote. Nimejaribu kwa wangu.

Ni mimi wifi yako, nikupendaye na kukungoja,

Mke wa kaka yako